Mama, Chagua Vema Spana ya Betri

Akina mama wengi wa Mwananyamala huendesha gari wenyewe kwenda kazini na kuwapeleka watoto shule. Tairi likipata pancha jioni, nati zilizokazwa kupita kiasi huishinda mikono yetu. Hapo ndipo spana ya betri inapofaa.

Ukifika Kariakoo, usilipe kabla ya kutazama haya. Kichwa kiwe cha nusu inchi, na betri ya volti 18 au 20. Nguvu ya kufungulia, inayoandikwa Nm, izidi 300. Nati za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103 tu, lakini kutu huongeza ugumu. Chaja iwe ya volti 230; ile ya Marekani ya volti 120 itaungua. Soketi za kushika nati ziwe nene, za mashine hiyo. Nyembamba huweza kupasuka.

Kama muuguzi nakusihi, dada: vaa miwani, ziba masikio, watoto wakae mbali. Jeki isimame mahali pagumu, wala usiingie chini ya gari. Mwisho kaza nati kwa spana ya mkono, kwa kupishana, kwani mashine yaweza kukata bolti. Betri usiiache juani.