Je, Wajua? Mashua Iliyofika Ziwani Mabegani mwa Watu

Mwaka 1875 mashua iitwayo Lady Alice ilipita kando ya ufuo ambao leo ni wa Busia, baada ya kubebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo. Chombo hicho cha mpelelezi Henry Morton Stanley kilikuwa na urefu wa futi 40, kimeundwa kwa vipande vya kuunganishwa. Awali, huko Zanzibar, vipande vilionekana vizito mno, fundi akavigawa upya ili vibebeke. Ziwani vikaungwa, na Stanley akalizunguka Ziwa Viktoria.

Nawe unayetoka Tororo kwenda na mashua yako kupiga kambi kwenye ufuo huo, Majanji au Sio Port, pima kwanza uzito wa mashua na hali ya barabara, kisha upepo wa ziwa. Jaketi okozi usiisahau.