Sportacus wa LazyTown: Kweli au Uongo?

Masharubu yamesokotwa, fulana ni ya buluu, kifuani kuna namba 10. Sportacus, shujaa wa kipindi cha watoto cha LazyTown, hapigani na mtu. Anakula tufaha, anapiga sarakasi na kuwaita watoto nje wakacheze. Ni shujaa ninayemheshimu, ndiyo maana sipendi azushiwe.

“Ni shujaa wa Kimarekani.” Uongo. Ni mtoto wa Iceland. Muasisi wake, Magnús Scheving, alikuwa bingwa wa Ulaya wa mashindano ya aerobiki kabla ya kutoa kitabu cha watoto kuhusu mji wa wavivu mwaka 1995. Mwaka uliofuata hadithi ikapanda jukwaani, na mwaka 2004 ikaingia televisheni. Marekani inatajwa kwa sababu kituo cha Nickelodeon ndicho kilichokirusha kipindi hicho, lakini studio ilikuwa Iceland.

“Sarakasi zile ni hila za kompyuta.” Uongo kwa sehemu kubwa. Mandhari ya mji ndiyo yaliyochorwa kwa kompyuta, na wakazi wengi ni vikaragosi. Sportacus aliigizwa na Scheving mwenyewe, kwa mwili alioufua kwa mazoezi ya miaka.

“Ana nguvu za ajabu.” Uongo, na hapa ndipo penye thamani ya kipindi hiki. Kweli ana chombo cha kuruka, na ana fuwele kifuani inayomwonya mtu akiwa hatarini. Nguvu zenyewe, hata hivyo, zinatokana na mazoezi, matunda na kulala mapema. Mtoto hawezi kupaa kama Superman, ila kuruka kamba, kula chungwa na kuingia kitandani kwa wakati anaweza leo hii.

“Sukari humwangusha mtu palepale.” Uongo. Sportacus akionja kitu chenye sukari huishiwa nguvu hadi apewe tunda. Hiyo ni hadithi. Mtoto aliyekula pipi moja hazimii. Wala hapandwi na wazimu wa kurukaruka, ingawa wazazi wengi tunaapa kwamba tumeona hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulikusanya majaribio ambamo watoto na wazazi hawakujua nani amepewa sukari na nani hakupewa. Tabia za watoto hazikubadilika kwa sababu ya sukari.

Madhara ya kweli huja polepole: meno kuoza na uzito kuzidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Katika hesabu hiyo limeingiza pia asali na juisi ya matunda, hata ile isiyotiwa sukari. Kwa hiyo anayemnywesha mtoto juisi kutwa akidhani anamfuata Sportacus amekosea. Shujaa yule anatafuna tunda zima.

“Robbie Rotten ni mtu wa kuchukiwa.” Uongo. Mpinzani huyu wa Sportacus ni mvivu anayetaka kimya alale, na Sportacus hampigi hata siku moja. Stefán Karl Stefánsson, aliyemwigiza, alifariki kwa saratani mwaka 2018 akiwa na miaka 43, akaliliwa na mashabiki wa nchi nyingi.

“Mtoto akitazama Sportacus, amefanya mazoezi.” Huu ndio uongo mkubwa kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kuhemesha. Kwa wa miaka 2 hadi 4, muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja, na ukipungua ni bora zaidi. Mzazi, kipindi kikiisha zima televisheni, toka nje na mwanao, ucheze naye.