Mtoto wa Chatu Anapokataa Kula

Mkulima wa mahindi wa Morogoro anamjua panya shamba kwa hasara. Ndiye anayefukua mbegu kabla hazijachipua, ndiye anayezaliana kupita kiasi mvua zikikubali, na ndiye ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamemfuatilia kwa miaka mingi wakitafuta namna ya kumdhibiti. Marekani na Ulaya, panya wa jenasi hiyohiyo ya Mastomys hufugwa kwa makusudi, wakalishwa na kutunzwa vizuri. Sababu ni nyoka mmoja mpole ambaye, akisusa kila chakula anachowekewa, mara nyingi harufu ya panya huyu ndiyo humfumbua kinywa.

Nyoka huyo ni chatu wa kifalme. Mwingereza George Shaw alimpa jina la kisayansi mwaka 1802, nalo leo ni Python regius. Wamarekani humwita kwa jina la mpira, kwa kuwa akiogopa hujiviringa akawa tufe na kichwa akakificha katikati. Asili yake ni ukanda unaoanzia Senegali, ukapita Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Asichanganywe na chatu wakubwa wa Tanzania na Kenya, wanaoweza kupita meta 4. Huyu akikomaa kwa kawaida huwa na meta 1 hadi 1.5. Udogo, upole na rangi zake vimemfanya awe miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani duniani, na tangu miaka ya 1970 zaidi ya milioni 3 wamesafirishwa kutoka Afrika Magharibi wakiwa hai. Pamoja na sifa zote hizo, ana sifa nyingine inayowanyima wafugaji wapya usingizi: hususa kula, hasa akiwa mchanga.

Kususa huku kuna maana, na anayetaka kukuelewa aanze na yai.

Jike hutaga mayai machache, mara nyingi kati ya 4 na 10, akayazungushia mwili wake na kuyalinda. Baada ya miezi miwili hivi watoto hupasua maganda na kutoka, kila mmoja akiwa na uzito wa gramu 50 hadi 70, na tumboni amebeba kiini cha yai kilichobaki. Kiini hicho ndicho chakula chake cha siku za kwanza. Mama hamlishi wala hamfundishi kuwinda. Wiki moja au mbili baadaye mtoto hujivua gamba kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo njaa huanza kumfikia. Kumpa panya kabla ya siku hiyo ni kujitafutia wasiwasi bure.

Akiwa porini, mtoto huyu huishi kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali ambapo mwili wake unagusa ukuta kila upande. Hutoka usiku, hutulia, hungoja windo lipite. Luca Luiselli na Francesco Angelici walipochunguza chakula cha chatu hawa kusini-mashariki mwa Nigeria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, waligundua jambo ambalo kila mfugaji angepaswa kulijua: wadogo, wasiofika sentimeta 70, walikula zaidi ndege, na wakubwa ndio waliokula zaidi wanyama wanaonyonyesha. Panya mweupe wa maabara, ambaye maduka huuza kama chakula cha lazima, hayumo kabisa katika maisha ya mtoto wa chatu wa Nigeria. Anapowekewa panya huyo kwa mara ya kwanza, huenda hatambui kuwa ni chakula.

Sasa atazamwe mtoto huyo akiwa sebuleni. Amewekwa kwenye tangi kubwa la kioo lenye taa kali, watu wanapita, watoto wanagonga kioo, na kila jioni anatolewa ashikwe na wageni. Nyoka anayeliwa na ndege wakubwa, nguchiro na nyoka wenzake hawezi kuwinda huku anajiona yuko uwanjani. Hujiviringa, akangoja hatari ipite, na kwa macho yake hatari hiyo haipiti kamwe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hubadilisha chakula kila siku wakati kinachotakiwa kubadilishwa ni nyumba. Wafugaji wazoefu humhamishia kwenye boksi dogo la plastiki lenye matundu ya hewa na kifuniko kinachofungwa imara, wakamwekea maficho mawili yanayombana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, kisha hawamgusi kwa wiki nzima. Wengi hula baada ya hapo bila hila nyingine yoyote.

Joto nalo halina mjadala. Nyoka hana moto wake mwenyewe ndani ya mwili. Tumbo lake husaga kwa joto analolipata nje. Upande mmoja wa boksi unatakiwa uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili 25 hadi 27, ili ahame apendavyo. Penye baridi zaidi ya hapo husita kula, na akila, panya anaweza kumwozea tumboni kabla hajasagika, kisha akamtapika. Kutapika kunamdhoofisha mtoto kuliko kufunga. Mkeka wa kupasha joto bila themostati ni hatari ya moto na ya kumbabua nyoka tumbo, na kiganja cha mkono si kipimajoto. Unyevu wa hewa wa asilimia 55 hadi 70 unatosha, pamoja na bakuli la maji safi.

Nyumba ikitengemaa, ndipo lije suala la windo. Chatu wa kifalme ana vishimo vidogo kwenye magamba ya mdomo, na kwa vishimo hivyo huhisi joto la mnyama gizani. Mwaka 2010 wanasayansi walieleza katika jarida la Nature kwamba kazi hiyo hufanywa na protini iitwayo TRPA1, ileile ambayo kwa binadamu huhisi ukali wa haradali. Kwa hiyo panya aliyetoka kwenye friza akiwa baridi hana tofauti na kijiti machoni pa nyoka huyu. Huyeyushwa taratibu ndani ya jokofu akiwa kwenye mfuko uliofungwa, kisha mfuko huo hutumbukizwa kwenye maji ya moto kwa dakika chache, hadi kichwa cha panya kifikie kama nyuzi 38. Maikrowevu haifai: humpika upande mmoja na kumpasua tumbo. Akaushwe vizuri, ashikwe kwa koleo refu, asogezwe polepole mbele ya mlango wa maficho usiku, taa zikiwa zimezimwa. Nyoka akirudisha kichwa nyuma na kuutoa ulimi polepole, mkono utulie. Akikwepa na kujiviringa, zoezi limekwisha kwa siku hiyo.

Ukubwa wa windo ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, au unene usiozidi sana sehemu pana ya mwili wake. Panya mchanga anayeanza kuota manyoya humtosha. Wapo watoto wanaokubali mlo wa kwanza ukiwa hai tu, na wafugaji wengi wa kibiashara huanza hivyo. Panya aliyekwisha kuota meno asiachwe na nyoka bila mtu kuangalia, kwa kuwa nyoka asiye na njaa hukaa kimya akitafunwa, na wapo waliotafunwa mpaka uti wa mgongo ukaonekana. Panya aliyenaswa shambani au darini naye hafai, kwa ajili ya minyoo na sumu ya panya.

Kwa anayezidi kususa, hila zinatokana na yale yaliyokwisha kuelezwa. Panya huoshwa kwa maji na sabuni isiyo na harufu, kisha husuguliwa kwa manyoya ya kifaranga au kwa matandazo ya panya shamba wanaofugwa. Au huachwa usiku kucha mlangoni mwa maficho, nyoka amkute mwenyewe. Au nyoka na panya aliyekufa huwekwa pamoja ndani ya mfuko wa karatasi wenye matundu ya hewa, mfuko ukakunjwa mdomo na kurudishwa ndani ya boksi mpaka asubuhi. Giza na kubanwa humkumbusha shimo. Hila moja ijaribiwe kwa wakati mmoja, na kati ya jaribio na jaribio zipite siku 5 hadi 7. Kumsumbua kila usiku humfundisha kuogopa koleo. Akishakula, asishikwe kwa saa 48.

Mjini Ouidah, Benin, kuna hekalu la chatu hawa. Watunzaji huwaachia mara kwa mara wakajitafutie windo mjini, na mwenyeji akimkuta mmoja nyumbani kwake humrudisha kwa heshima. Hakuna anayewabembeleza kula. Shimo, giza na panya wa mjini vinatosha.

Subira ya mfugaji ina mpaka, na mpaka wake ni mizani. Mtoto apimwe kila wiki kwa mizani ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo, na gramu ziandikwe. Chatu mzima anaweza kufunga kwa miezi kadhaa, hasa dume wakati wa kupandana, bila kudhurika. Mchanga hana akiba hiyo. Ikiwa wiki 4 hadi 6 zimepita tangu ajivue gamba na hajala, au amepoteza asilimia 10 ya uzito wake, apelekwe kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao. Asingojewe hata siku moja akitoa mapovu mdomoni, akipumua kwa mlio, fizi zikivimba, au utitiri mdogo mweusi wa nyoka ukionekana pembeni mwa macho. Kumlisha kwa kumsukumia panya mdomoni kunaweza kumwokoa, lakini mikononi mwa asiyejua kunaweza kumjeruhi taya na kumtia hofu ya chakula ya kudumu. Kazi hiyo iachiwe mtu aliyeifanya mara nyingi.

Aidha kuna watoto waliozaliwa na kasoro. Ukoo wa rangi unaoitwa spider, uliopendwa sana sokoni kwa michirizi yake, una hitilafu ya sikio la ndani inayowafanya wayumbe kichwa, na baadhi yao hukosa shabaha hata windo likiwa mbele yao. Kuendelea kuwazalisha kwa ajili ya uzuri ni kosa.

Mwaka 2020 jike mmoja wa chatu wa kifalme katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai 7. Alikuwa amefika hapo mwaka 1961. Anayemchukua mtoto wa nyoka huyu anachukua jukumu la miaka mingi, na nchini Kenya na Tanzania halianzi bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi amwombe muuzaji kumbukumbu za maandishi: mtoto alijivua gamba lini, amekula mara ngapi, panya wa aina gani, hai au aliyekufa, na uzito wake kila wiki. Milo mitatu mfululizo ndicho kiwango cha chini. Pasipo na kumbukumbu hizo, mtoto abaki kwa muuzaji mpaka ale.