Ligi Pinzani na Bei ya Mchezaji wa Kikapu

Makurunge, kata iliyo kwenye njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Saadani na Pangani, ni kama kwingine Tanzania: ubishi wa michezo ni Simba na Yanga, na klabu hizo mbili za soka hucheza ligi moja chini ya shirikisho moja. Mpira wa kikapu wa kulipwa umepita njia nyingine. Zimewahi kutokea nchi zenye ligi mbili kwa wakati mmoja, zikigombea wachezaji, watazamaji na televisheni. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Hasheem Thabeet, amepita pande zote mbili za mvutano wa namna hiyo, huko Taiwan.

Ligi pinzani humfanyia nini mchezaji? Mfano mzuri ni wa gadi mmoja wa Marekani, yaani mchezaji anayecheza mbali na kikapu.

Mwaka 1967 ilianzishwa ligi ya ABA ili kushindana na NBA. Mwaka huohuo Louie Dampier alimaliza Chuo Kikuu cha Kentucky. Alikuwa na kimo cha mita 1.83, kifupi kwa mchezo wa warefu, lakini shabaha yake ilikuwa kali. Cincinnati Royals ya NBA ilimchagua kwenye drafti, zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Yeye akasaini Kentucky Colonels ya ABA, mjini Louisville.

Ligi hiyo changa ilihitaji kitu cha kuwavuta watu. Ikaleta mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na mstari wa pointi tatu. NBA haikuwa na mstari huo. Huko, ukifunga kwa mbali au kwa karibu, zilikuwa pointi mbili tu. Kwa gadi kama Dampier, mstari ulikuwa ajira. Msimu wa 1968–69 alifunga mitupo 199 ya pointi tatu. Alicheza misimu yote tisa ya ABA, akawa bingwa mwaka 1975, na pointi zake 13,726 hazikufikiwa na mchezaji mwingine yeyote wa ligi hiyo.

Faida nyingine ilikuwa mfukoni. Mwajiri akiwa mmoja, mchezaji hupokea anachopewa. Wakiwa wawili, bei hupanda. Ndiyo maana mwaka 1970 wachezaji wa NBA, wakiongozwa na Oscar Robertson, walikwenda mahakamani kupinga kuunganishwa kwa ligi hizo.

Mwaka 1976 ABA ilikufa. Timu nne zilipokewa NBA: Denver Nuggets, Indiana Pacers, New York Nets na San Antonio Spurs. Colonels haikuwamo, mmiliki wake, John Y. Brown, alilipwa fidia na wachezaji wakagawanywa. Dampier akaangukia Spurs, katika ligi isiyo na mstari wake. Alicheza misimu mitatu, akastaafu mwaka 1979. Msimu uliofuata NBA ikaanza kuhesabu pointi tatu. Aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 2015.

Kisa cha Thabeet ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimchukua nafasi ya pili katika drafti. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Wote wawili magadi. Msimu ulikuwa haujaisha Thabeet akapelekwa Dakota Wizards, kwenye ligi ya kukuza vipaji. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na kufikia mwaka 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha. Watu wengi nyumbani walisema ameshindwa. Wachache waliona kwamba mchezo wenyewe ulikuwa ukihama. Mstari uliomlisha Dampier sasa ulikuwa unawatoa wachezaji wa kati chini ya kikapu na kuwakimbiza nje kuwafuata wapigaji. Mtu wa mita 2.21, ambaye kazi yake kuu ni kulinda kikapu, alishuka bei.

Taiwan bei yake ilikuwa nyingine. P. League+ ilianza mwaka 2020 ikiwa na timu nne, naye akachezea Hsinchu Lioneers. Mwaka uliofuata ikazaliwa mpinzani wake, T1 League, yenye timu sita, naye akahamia Tainan GhostHawks. Kule wenyeji wa kimo chake ni nadra, na wageni wanaoruhusiwa uwanjani ni wachache, hivyo kila nafasi ya mgeni ina thamani. Mwaka 2022 T1 ilimleta hata Dwight Howard, bingwa wa NBA wa mwaka 2020.

T1 haikudumu, ilifika mwisho mwaka 2024, baada ya misimu mitatu. Basi kijana wa Bagamoyo atakayeletewa mkataba wa nje asiishie kwenye jina la klabu na tarakimu za mshahara. Aulize sheria za ligi hiyo zinampa kazi mchezaji wa aina gani, na mkataba unasemaje ligi ikivunjika.