Kutoka Kusaidiwa hadi Kusaidiana: Kaya na Mwenye Maradhi Makali ya Akili katika Mazingira ya Sekenke

Katika mijadala ya afya ya akili, kaya huelezwa mara nyingi kuwa mbebaji wa mzigo, na mgonjwa kuwa mzigo wenyewe. Makala haya yanafafanua kwamba mtazamo huo unaficha nusu ya uhusiano: mwenye skizofrenia, au maradhi mengine makali ya akili, hupokea msaada na hutoa pia.

Sekenke, wilayani Iramba, iko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Singida hadi Nzega. Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, iko Dodoma, yaani katika mkoa mwingine. Kumsindikiza mgonjwa huko ni nauli pamoja na siku za kazi zinazopotea msimu wa mtama na alizeti. Kwa hiyo, baada ya mgonjwa kuruhusiwa, mahali halisi pa matibabu ni nyumbani. Ndugu ndio wanaokumbuka tarehe ya sindano na kutambua usiku wa kwanza usio na usingizi.

Hata hivyo, uangalizi wa upande mmoja una hatari zake. Kwa mfano, dawa za maradhi haya zinaweza kukakamaza misuli na kutetemesha mikono, hata jembe likawa gumu kushika. Mgonjwa akiziacha kimyakimya, ndugu huona ukaidi. Ukaidi huzaa ugomvi, na pengine kamba. Wakizungumza, tatizo hubadilika sura: linakuwa la kupelekwa kwa mtaalamu ili dawa irekebishwe. Taarifa iliyoleta mabadiliko hayo ilikuwa kwa mgonjwa pekee.

Msingi huo unaonekana katika mradi wa KUPAA, kifupi cha Kuwezeshana Kupata Uzima, uliohusisha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Wagonjwa na ndugu zao walikutana katika vikundi vya familia kadhaa. Katika vikundi vya aina hii, tatizo la familia moja huwekwa mezani, kila mshiriki hupendekeza suluhisho, na familia husika huchagua la kujaribu. Jina lenyewe lina hoja: katika kitenzi "kuwezeshana", kiambishi cha utendeshi kinafuatwa na cha utendano. Hakuna mwezeshaji asiyewezeshwa.

Kwa kaya ya Sekenke, utendano huo hauhitaji jengo. Mgonjwa aliyetulia hulima, huchunga mbuzi, hulea watoto. Kazi hizo zikihesabiwa, hadhi yake hurejea, na ndugu hupumua.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kusaidiana si mbadala wa huduma. Dawa zikikosekana katika kituo cha karibu, upendo wa kaya huachwa ufanye kazi ya dola, na pande zote mbili huelemewa.