Hofu ya Mgonjwa wa Siku Nyingi Wakati wa Tauni

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Unyanyembe, ilibeba pembe za ndovu, watumwa, nguo na shanga. Ilibeba maradhi pia. Ndui ilitembea pamoja na wapagazi, na kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 kilienea kwa njia za misafara. Mara nyingi mpagazi aliyeshindwa kusimama aliachwa kando ya njia. Tabora palikuwa mahali pa kupumzika, na pia mahali pa wagonjwa kungoja. Burton na Speke walifika Kaze Novemba 1857 wakiwa wamedhoofika. Livingstone, aliyekuwa akisumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu, alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ikaisha, lakini hofu ya kuachwa njiani haikuisha. Iliamka tena Machi 2020, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini. Shule zilifungwa, nyumba za ibada ziliachwa wazi. Wenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo walisikia kwamba ugonjwa huo huwalemea zaidi watu wa hali yao. Habari hiyo ilikuwa kweli. Kwa hiyo hofu yao haikuwa upuuzi.

Yafaa mchungaji aelewe jinsi hofu hiyo inavyofanya kazi. Mtu aliyefadhaika moyo humwenda mbio, pumzi humpungua, usingizi humtoroka. Mwenye maradhi ya kudumu huzihesabu dalili hizo kuwa ugonjwa umezidi, naye huogopa zaidi. Fadhaa ya muda mrefu yaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Tena, anayeogopa kuambukizwa hospitalini huacha kwenda kliniki, dawa humwishia, na lile aliloliogopa humkaribia kwa mlango mwingine.

Hapo ndipo lilipo swali letu la kitheolojia. Je, fadhaa hii ni upungufu wa imani? Wako wahubiri waliojibu kwamba ndiyo, na mgonjwa akarudi nyumbani na mizigo miwili: hofu yake na hatia ya kuogopa. Martin Luther hakujibu hivyo. Julai 1527 aliugua ghafla hata akadhani anakufa, na baada ya hapo akaingia katika jaribu zito la roho, akawaomba rafiki zake wamwombee. Mwezi uliofuata tauni ikaingia Wittenberg. Katika hali hiyo aliandika waraka wake kwa Johann Hess wa Breslau kuhusu kuikimbia tauni. Alifundisha kwamba kuogopa kifo ni jambo la asili ya mwanadamu. Kwamba anayedharau dawa humjaribu Mungu. Na kwamba jirani mgonjwa asiachwe bila wa kumhudumia. Aliyeandika hayo alikuwa mtu aliyetikiswa, wala hakuhesabu kutikiswa kwake kuwa ukafiri.

Kutokana na hayo twapata mambo matatu ya huduma. Kwanza, kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumwombea, na kumpa Zaburi za maombolezo, hata ile ya 88 isiyomalizika kwa shangwe. Pili, kuujali mwili: Eliya alipotamani kufa, malaika alimletea kwanza chakula, naye akalala (1 Wafalme 19). Basi tuulize kama dawa zipo na nani atakwenda kuzichukua. Tatu, kujua mpaka wetu: asiyelala kwa majuma, au anayesema heri afe, apelekwe kwa mganga wa hospitali, na mchungaji aende pamoja naye.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha. Kwa mwenye kisukari safari inaendelea, na tauni nyingine zaweza kuja. Kanisa nalo ni msafara. Lakini msafara huu hupimwa kwa mwendo wa yule aliye nyuma kabisa.