Baridi ya Shume na Mkate wa Chachu

Wengi wanaojaribu mkate wa chachu huku Shume, mlimani, huilaumu baridi. Donge limekandwa asubuhi, jioni bado limelala chini ya bakuli, na maelekezo yalisema litaumuka kwa saa nne au tano. Kinachowapoteza ni saa. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa jiko lenye nyuzi joto 25 hivi, na joto likishuka kwa nyuzi kumi, chachu hupunguza kasi kwa nusu au zaidi. Donge la Shume mwezi Julai linaweza kuhitaji usiku mzima, na hapo ndipo faida ilipo.

Chachu ni unga na maji vilivyoachwa mpaka hamira za asili na bakteria wa asidi, waliomo kwenye unga wenyewe, wazaliane. Hamira ya dukani ni aina moja tu, imekuzwa kiwandani ili ifanye kazi haraka. Bakteria wale ni jamaa wa wanaochachusha togwa na maziwa ya mgando, kwa hiyo hakuna ugeni hapa. Changanya gramu 50 za unga wa ngano usiokobolewa na gramu 50 za maji. Kila siku punguza nusu, kisha ilishe tena kwa kipimo kilekile. Siku ya pili au ya tatu huweza kutoa povu jingi kisha ikanyamaza kabisa, na wengi huitupa hapo wakidhani imekufa. Haijafa: vijidudu vya mwanzo vimeshindwa na asidi, wale tunaowataka ndio kwanza wanashika nafasi. Kwenye baridi kazi hii yaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Imekomaa pale inapolishwa ikapanda mara mbili ya kimo chake, siku baada ya siku.

Kwa mkate mmoja, unga gramu 500, maji 350, chachu 100 na chumvi 10 vinatosha. Kwa muda mrefu wa baridi donge hujijengea nguvu, ukilikunja mara chache tu; asidi huongeza ladha, huchelewesha ukungu, na husaidia mwili kufyonza madini ya unga usiokobolewa. Waokaji wa miji ya joto huweka donge kwenye friji, wakilipia umeme, ili waupate huo ubaridi. Lakini mwinuko nao una lake: Shume hewa ni nyepesi, gesi hutanuka zaidi, na donge lililochelewa kuanza laweza kupitiliza. Bonyeza kwa kidole. Shimo likirudi polepole, oka.

Kuna atakayetaja gharama ya mkaa. Kusubiri hakuli mkaa. Sufuria nene, moto chini na mwingine umepaliwa juu, huivisha kwa muda usiopishana sana na wa mkate wa hamira. Ukali wa ladha nao hupungua chachu ikitumiwa mara tu inapofika kileleni. Hoja ya muda ndiyo nzito: anayeuza maandazi alfajiri abaki na hamira yake, hana sababu ya kuhangaika. Anayeoka kwa ajili ya nyumbani achore mstari kwenye chupa ya chachu kila anapoilisha, aiweke karibu na jiko, na aufuate mstari badala ya saa.